Udongo Tuliouza

Jumamosi Mungu aliiumba kwa ajili ya kulala. Lakini Jumamosi ile, asubuhi kabisa, mimi nilikuwa juu ya pikipiki, nimebanwa kati ya dereva na tata, baba yangu, chungu kikubwa tumboni kama mimba. Mama mmoja muuza mikate akanitazama mimi, kisha sare yangu ya shule, akatikisa kichwa. Tata alikuwa amevaa shati lake la ibada. Sare nayo ni yeye aliyeniamuru niivae, eti tusionekane kama watu wa mitaani.

Chungu kilitoka chini ya jiko letu. Tulipokuwa tungali mtaani Kasulo, tata alichimba ndani ya nyumba kama jirani zake wote: ulivunja sakafu, ukashuka na kamba, ukatafuta kobalti pale pale ulipokuwa ukipikia bukari, ugali wetu. Siku moja akapanda na chungu cha wazee wa zamani, kina michoro shingoni. Baadaye kuta zikapasuka, kampuni ya madini ikatuhamisha, na lupango letu, kiwanja chetu chote, likazungushiwa ukuta pamoja na ya wengine. Picha ya nyumba ile hatuna hata moja. Tuna chungu tu.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa historia aliposema mjini kuna makumbusho madogo yanayotafuta vitu vya kale, na mimi mdomo wangu ukapeleka habari nyumbani, tata hakulala. Alitaka chungu kiwekwe nyuma ya kioo, na kikaratasi mbele yake: Kasulo, jikoni kwetu.

"Bantu bajue kama tulikuwa na nyumba," alisema.

Makumbusho yenyewe ni chumba kimoja. Harufu ya rangi mbichi, feni iliyokufa. Kwenye makabati ya vioo, misalaba ya shaba ambayo wazee waliitumia kama pesa, vyungu vya makaburini kutoka kandokando ya Lualaba, na jiwe moja la kijani. Tata alipita vyungu vyote bila kusalimia, akaenda kubandika pua kwenye kioo cha lile jiwe.

"Iko na shaba mingi, hii," akamwambia mama kijana anayesimamia pale. "Munaiacha tu hapa?"

"Ni ya kuangalia, tata."

"Ya kuangalia!" Akanigeukia, kama vile mimi ndiye niliyeliweka.

Yule mama akavaa glavu, akakipokea chungu, akakizungusha polepole kama anayechagua papai sokoni. Uso wake ukafunguka.

"Ni ya zamani kweli. Mulikitoa wapi?"

"Kasulo. Chini ya jiko yetu."

"Urefu gani kwenda chini?"

Tata akafikiri. "Pale mutu anaacha kusikia redio ya bibi yake."

"Kulikuwa na nini pembeni? Mifupa? Makala? Shanga?"

"Udongo."

"Muzuri! Udongo ndio unatuambia umri wake. Mulichunga kidogo, mukauweka?"

Tata akaniangalia. Mimi nikaiangalia feni.

"Tuliuzisha," akasema.

"Muliuzisha udongo?"

"Mama, ulikuwa mweusi, muzuri sana! Mutu wa depo, ule wa kununua kobalti, alifurahi."

"Hata ule wa ndani ya chungu?"

"Ule njo ulikuwa wa kwanza. Bibi yangu aliukwangua na kijiko."

"Kisha mama yangu akakisugua na majivu na mchanga," nikaongeza mimi, kwa kusaidia. "Mpaka kikang'aa. Akawekamo maharagwe."

Yule mama akafumba macho, glavu zimeshika chungu hewani. Nilidhani anaomba. Alipoyafumbua alieleza kwa upole, kama wanavyoeleza waliochoka: kila wiki watu wanamletea vyungu na kuapa vimetoka kwa mababu, na kimoja kilikuwa na muhuri wa kiwanda chini. Bila udongo, bila shimo la kwenda kupima, hana ushahidi. Angekipokea, ndiyo, akiweke kwenye rafu ya pembeni. Akatuonyesha kikaratasi cha huko: Mahali kilipotoka hapajulikani.

"Hapajulikani na nani?" tata akauliza.

"Tata..."

"Mi nilikuwa ndani ya shimo! Mi mwenyewe!"

"Naweza kuandika 'inasemekana Kasulo'."

"Inasemekana? Nani anasema? Jiko ni ya mi!"

"Tata, acha basi," nikasema. "Watu watakiona tu."

"Watakiona bila kwao. Kama mutoto wa kuokota."

Akakichukua chungu mikononi mwa yule mama, akanipa. Yule mama akatufuata hadi mlangoni akimwomba angalau tusikisugue tena. Nilimhurumia. Nilijihurumia zaidi, maana nje tata hakumwambia dereva wa pikipiki atupeleke nyumbani. Alisema Kasulo.

Basi nikasimama kwenye jua la saa sita, malori yananimwagia vumbi, chungu kimenikata mikono, na tata anatembea kandokando ya ukuta mrefu kama fundi anayetafuta bomba lililopasuka.

"Jiko njo ilikuwa hapa," akasema, akipiga ukuta kwa kiganja. Akaenda mbele. "Hapana. Hapa. Mulango ulikuwa unaangalia kanisa."

"Kanisa gani?"

Akageuka. Kanisa halikuwepo tena. Akarudi nyuma, akasimama, akatazama nguzo ya umeme ambayo zamani haikuwepo.

Mlinzi akapaza sauti kutoka getini: "Tata! Unatafuta nini pale?"

"Jiko yangu!"

"Jiko? Soko iko kule!"

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, tena mzuri. Lakini tata alikuwa akiniangalia, mkono bado ukutani.

"We ulikuwa unacheza kila siku pale mulangoni," akasema. "Jiko ilikuwa hapa, ao kule?"

Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka moshi na kamba ya shimo, basi.

"Hapa, tata," nikasema. "Pale pale unaposimama."