Mashine Isiyozimika ya Gauthier

Katika mtaa wa Hewa Bora, ambako umeme hukatika bila hata kuaga, Gauthier ana kibanda cha kompyuta na jambo moja la kujivunia. "Mashine yangu haizimikake!" huwaambia wateja, akizipapasa betri za gari chini ya meza kama mtu anayebembeleza watoto.

Shule moja ya masista huko Kasungami, pembezoni mwa mji, ilikuwa ikitafuta mtu wa kutunza kompyuta zake. Kabla hajaitwa, Gauthier alikwisha shonesha shati lenye maandishi ya Kifaransa kifuani: Responsable Informatique, yaani Mkuu wa Kompyuta. Kwa kuwa mtandao wa Kasungami ni wa kubahatisha, alipanga kupakua programu zote za Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa, mjini, kisha azigawe shuleni kwa waya. Diski yake ilikuwa imejaa video za harusi. Basi akaiagiza mashine ihifadhi kila inachopakua kwenye folda ya tmp, isiyokaa kwenye diski bali kwenye kumbukumbu ya mashine.

"Sababu gani pale?" aliuliza mkewe, Dorine.

"Iko nafasi, mama. Tena iko safi."

Hakujiuliza nani anaisafisha. Linux huifagia folda hiyo kila kompyuta inapozimwa na kuwashwa tena. Ila ya Gauthier, kwa majivuno, haikuwahi kuzimwa. Siku ya kwenda shuleni aliizima, akaipakia kwenye teksi, akaiwasha mbele ya mkuu wa shule, Sœur Claudine. Folda tupu.

"Papa Ingénieur, bintu biko wapi?"

"Ma sœur, bilikuwa hapa. Ni barabara, mashimo mingi."

"Mashimo ndiyo ilikula programu? Rudia lundi. Ukishindwa, nitaita mwingine."

Mtu mwingine angebadilisha mstari mmoja tu wa mipangilio. Lakini kubadilisha ni kukiri kosa, na shati lilikuwa limekwisha shonwa. Akapakua upya, kwenye tmp ileile. Jumatatu teksi iliingia uwanjani: Gauthier kakumbatia kompyuta inayowaka, na Dorine, ndani ya kitenge chake cha kanisani, kapakata betri ya gari na nyaya zake zote.

Programu zikaingia bila kusumbua. Sœur Claudine akasaini mkataba wa matunzo ya kila mwezi, kisha akamtazama Dorine, ambaye kitenge chake kilikuwa kimeanza kutoboka kwa asidi.

"Na wewe, mama, kila mwezi utakuya naye?"

"Atakuya," alijibu Gauthier, akinyoosha shati. "Iko anazoea betri."