Nyota Ndani ya Picha za Harusi

Mimi ni mpiga picha hapa Kalemie, na ugonjwa wangu ni nyota. Jumamosi nilipiga picha za harusi ya binti wa jirani. Usiku nikashuka ziwani, nikatoa filimu mfukoni nikidhani ni mpya, nikaiacha kamera wazi ikitazama mbingu, na mimi nikalewa mwezi.

Nilipozisafisha picha chini ya taa nyekundu, nyota zilichipuka polepole kwenye karatasi, halafu katikati yake bibi harusi akatabasamu. Nilimtazama kama mtu anayeota, mpaka nikaelewa kwamba nimepiga juu ya filimu ileile ya harusi.

Mama yake alikuja, akaishika picha, akaweka kidole juu ya mabega ya bwana harusi.

"Papa Foto, mutoto wangu namuona, na koti ya abakosti ya bwana yake naiona. Sasa kichwa yake njo huu mwezi?"