Mjomba Anasema Boti Haina Neno

Admin, nifichie jina, huku kwetu Tongoni tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nina mtoto mmoja, na nafanya kazi kwenye kampuni ya mwani ya wazungu kutoka Norway. Nawasimamia kina mama wanaolima mwani, na kwenye vikao mimi ndiye mkalimani. Naandika kwa haraka, maana Jumatatu si mbali.

Bosi wetu nitamwita Erik. Siku ya kwanza nilimwita "bosi" akacheka, akaniambia nimwite jina lake. Kikombe anaosha mwenyewe, mkate anakuja nao kutoka nyumbani, na saa kumi ikifika anafunga kompyuta anakwenda kumchukua mwanawe. Kikaoni anauliza kila mtu, hadi mlinzi, "Wewe unaonaje?" Sisi tunatazamana, tunasema sawa. Nani atambishia mwenye kazi mbele za watu? Kwetu neno kama hilo unamfuata mtu pembeni, taratibu, baada ya salamu. Kwao, nimekuja kujua nimechelewa, ukinyamaza kikaoni umekubali, na kilichokubaliwa na wote hakitenguliwi na mmoja, hata kama ndiye bosi.

Sasa mwani wa ufukweni unakufa kwa joto la maji, ikaamuliwa kuanzia Jumatatu hii kina mama wapelekwe kwa boti kwenye kamba mpya za maji marefu. Boti aliinunua Erik mwenyewe, kuukuu, akaipaka rangi ya buluu kwa mikono yake, na anaionea fahari kweli. Nahodha ni mjomba wangu, tumbo moja na mama yangu, na ndiye aliyenitafutia kazi hii. Kikaoni Erik akamuuliza kama boti iko tayari. Mjomba akajibu, "Haina neno."

Tulipotoka akanivuta kando. "Mwanangu, ile boti chini imeoza. Nimebonyeza ubao, kidole kikazama."

Nikamwambia, mjomba, mbona hukusema? Akanitazama kama niliyekosa adabu. "Nimwaibishe mtu na boti yake mbele ya wafanyakazi wake? Nitakwenda nayo polepole, Mungu atajaalia."

Asubuhi nikamfuata Erik ofisini nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, akanishukuru, nikajua yamekwisha. Kumbe! Wakati wa chakula, tumekaa meza moja sote, akasema, "Kuna wasiwasi kuhusu boti. Hapa hakuna anayeadhibiwa kwa kusema ukweli. Nahodha, ina shida?"

Watu wakaacha kutafuna. Mjomba hakuinua macho kutoka kwenye wali wake. "Boti ni nzima."

Erik akatabasamu. "Wewe ndiye unayejua boti. Nakuamini." Akaendelea na mkate wake.

Nilimwomba basi aende akaibonyeze mwenyewe. Akanijibu kwa upole kwamba huko ni kumdharau nahodha, kwao mtu akipewa kazi yake anaachiwa. Jamani, yule mzungu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniogopesha. Mjomba naye hanisemeshi. Nilikwenda kwake nikampa shikamoo, akaitikia amenipa mgongo. "Ukinitaja tena kwa mzungu, usinijue."

Mtasema niende serikalini. Nikienda, mjomba amekwisha, na kampuni ikifungwa kina mama wote hawa watanilaani, maana wanasomesha watoto kwa mwani. Lakini wengi wao hawajui kuogelea. Wamezoea maji ya magotini. Kila nikiwaona wanacheka wakisuka kamba, nageuza njia.

Na mama yangu ni mmoja wao. Jana nilimkuta uani anashona gunia la kubebea mwani, ana furaha, ameshaahidiwa na mjomba kwamba atakaa mbele.

"Watu wa ofisini kwenu wanapiga domo eti boti mbovu," akaniambia. "Nimewajibu, kaka yangu ndiye nahodha, na binti yangu yuko ofisini. Ingekuwa na hatari, hawa wawili wangeninyamazia mimi?"

Nikamwambia nakwenda kuteka maji.

Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumatatu, nifanye nini? Mama bado anashona lile gunia, na mpaka sasa sijamjibu.