Sahihi ya Mzazi au Mlezi

Ukitaka kumvunjia heshima mtu aliyefundisha Kiingereza miaka ishirini na tisa, usihangaike kumtukana. Mpe mpira wa sponji, umwambie awe anawarushia wanafunzi.

Ndicho alichopewa Mwalimu Radi asubuhi yake ya kwanza ughaibuni. Hilo jina la Radi wanafunzi wa nyumbani walimbandika kwa sababu ya sauti yake, wakaamini kwamba hajui. Alijua tangu wiki ya kwanza, na kwa siri alilipenda kuliko jina alilopewa na babake. Ilikuwa sauti ya madarasa ya watoto themanini, sauti ya kushindana na mvua juu ya bati. Alipostaafu, rafiki yake alimwonyesha tangazo: shule ya lugha, nchi ya mbali, inatafuta walimu wa kigeni wa Kiingereza, wenye uzoefu na wachangamfu. Uzoefu alikuwa nao wa kumwaga. Huo uchangamfu alidhani atauokota hukohuko.

Mamake hakufurahi. Alikuwa na miaka themanini na minne, na darasani hakuwahi kukanyaga hata siku moja, lakini ripoti zote za shule za mwanawe alizitia sahihi yeye, kwa dole gumba na wino wa zambarau.

"Unawaacha watoto wa watu hapa, unakwenda kumfundisha nani huko?" aliuliza.

"Watu wazima, mama."

"Mtu mzima naye anafundishika?"

Swali hilo alipanda nalo ndege.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha vioo, orofa ya chini ya jengo la maduka, kando ya ngazi za umeme. Watu waliopita na mifuko yao walisimama kumtazama. Meneja, mwanamama mwembamba mwenye viatu visivyotoa sauti, alimpa masharti akiwa amesimama.

"Hapa hatuna wanafunzi, tuna wateja," alisema. "Mteja hakosei. Akikosea, tabasamu. Usimsahihishe, usimpe maksi, na usimwache aondoke amehuzunika."

Mlangoni palikuwa na kisanduku chenye vitufe viwili, uso wa kijani unaocheka na uso mwekundu ulionuna. Kila mteja alibonyeza kimoja akitoka. Mwalimu alikuwa na miezi mitatu ya majaribio, na nyuso nyekundu zikizidi, angepewa tiketi ya kurudi kwao.

Darasa lake lilikuwa la watu sita. Siku ya kwanza aliingia akasimama mbele, kimya, akingoja wainuke, kama alivyoinukiwa miaka ishirini na tisa. Wao walikaa wakingoja arushe mpira. Dakika nzima ikapita. Wapita njia wakaanza kujazana kwenye kioo. Hatimaye aliinuka Bibi Fundi, mjane mshona nguo wa miaka sabini na mmoja. Alidhani mgeni kakamatwa na mgongo, akataka kumsaidia kukaa. Mtu wa Benki, bwana wa miaka hamsini na tisa mwenye tai, alipoona bibi kasimama, aliona haya, naye akasimama. Daktari wa Meno akafuata, na wengine watatu nyuma yake.

"Habari za asubuhi, darasa!" alinguruma Mwalimu Radi, na moyo ukamtulia. "Kaeni!"

Walikaa wakitazamana kwa furaha, wakidhani wamefaulu jaribio. Tangu siku hiyo hakuingia tena bila wao kusimama.

Hiyo ndiyo raha pekee aliyoipata kwa miezi miwili. Kilichobaki kilikuwa mpira na tabasamu. Alitabasamu makosa yakipita mbele yake kwa makundi, akashikilia mfuko wa shati mlimokuwa na kalamu yake nyekundu, ili isije ikatoka yenyewe. Alitabasamu mpaka Daktari wa Meno akamwomba afungue mdomo baada ya kipindi, akamwambia anakaza sana taya, awe anapumzika.

Kila Jumapili alimpigia mamake simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafundisha?"

"Nafundisha."

"Haya, niambie. Wanajua nini leo ambacho juzi hawakukijua?"

Hapo ndipo mtandao ulipokuwa unaharibika. "Mama? Sikusikii, mama! Mtandao!" Anakata, anabaki amekaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, aibu imemjaa tele. Kumdanganya mama akiwa na miaka hamsini na minne! Ukweli ni kwamba hakuwa akifundisha. Alikuwa pambo la dirishani, na alichokitaka ni kitu kimoja tu, siku moja aweze kulijibu lile swali bila kusingizia mtandao.

Mwezi wa pili ulipokwisha, mkono ulianza kumwasha. Nyumbani hicho kilikuwa kipindi cha kuandika ripoti. Alijizuia siku mbili, ya tatu akachukua rula na karatasi sita. Akachora safu zilezile za siku zote: maksi, nafasi darasani, tabia, maoni ya mwalimu. Kisha akaandika ukweli, kwa wino mwekundu, na raha aliyoisikia haielezeki. Mtu wa Benki: "Ana akili, lakini anapiga soga na jirani yake. Wa nne kati ya sita." Daktari wa Meno: "Anachelewa, kisha anasingizia wagonjwa." Bibi Fundi, aliyejiandikisha kwa sababu wajukuu zake walikuwa wanakulia nchi nyingine wakiongea Kiingereza kitupu: "Mwandiko safi. Anaogopa kuzungumza. Akiacha woga atafika mbali. Wa sita kati ya sita."

Ijumaa akazigawa kipindi kilipokwisha. "Mzirudishe Jumatatu," alisema, "zikiwa zimetiwa sahihi."

Maneno yalimtoka tu, kama chafya. Alikuwa tayari amefika kwenye ngazi za nyumba aliyopanga alipokumbuka kwamba chini ya kila ripoti, mkono wake ulichora ule mstari uliouchora maelfu ya mara bila kuutazama: *Sahihi ya mzazi au mlezi*. Na mdogo kuliko wote darasani alikuwa na miaka thelathini na minane. Mwalimu Radi alikaa palepale kwenye ngazi, akashika kichwa.

Wanafunzi wake walidhani ndiyo sheria. Mgeni ndiye anajua mambo ya Kiingereza, nani abishe? Jumatatu Mtu wa Benki alikuwa wa kwanza kuweka ripoti mezani. Alikuwa amesafiri kwa basi saa nne nzima kwenda kwa mamake.

"Mama ameisoma mara tatu," alisema. "Akasema, 'Kumbe hata mgeni ameliona! Mimi nakwambia tangu ukiwa mdogo.' Akaninyima chai mpaka nikaahidi."

Alikuwa anang'aa. Daktari wa Meno aligombezwa na babake kwa simu, akafika darasani dakika kumi kabla ya wakati. Mwingine, asiye na wazazi, alikwenda kwa kaka yake waliyenuniana naye miaka sita. "Tumeongea," alisema. "Amenikaripia mpaka jioni, halafu tukala."

Bibi Fundi hakuja. Kiti chake cha karibu na dirisha kilibaki kitupu, kwa mara ya kwanza tangu shule ianze.

Aliyekuja ni meneja, na kwa viatu vile ulimwona tu keshafika. Mamake Mtu wa Benki alikuwa amepiga simu ofisini kuomba mwanawe aongezewe kazi za nyumbani.

"Umewapanga wateja?" alinong'ona meneja. "Wa kwanza mpaka wa sita?"

"Walikuwa sita, bosi. Ningekuwa na saba ningefika mpaka wa saba."

Meneja hakucheka. "Ijumaa nizipate zote, zichanwe. Na yule bibi arudi. Akituacha amehuzunika, na wewe unaondoka."

Alasiri hiyo Mwalimu Radi aliuliza njia mpaka duka la Bibi Fundi, uchochoro wa pili nyuma ya jengo. Kilikuwa chumba chembamba: cherehani, pasi, nguo zimetundikwa mpaka kwenye dari, na mezani kipande bapa cha chaki ya fundi. Alikishika kile kipande bila kujua amekishika. Miezi miwili hakuwa amegusa chaki.

Hapa kwake bibi hakuogopa. Alisema, nusu kwa Kiingereza, nusu kwa mikono.

"Sikukasirika, Mwalimu. Mimi wa sita, najua. Nilifurahi. Tangu mume wangu afe, watu wananiambia maneno mazuri tu. Bibi umependeza, bibi pumzika. Wewe umeniambia kweli."

"Sasa mbona hukuja?"

Akafungua mtoto wa meza, akatoa ripoti. Alikuwa ameipiga pasi. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa ule mstari wa chini, mtupu.

"Sina wa kutia sahihi," alisema. "Mama hayupo, baba hayupo, mume hayupo. Mwanangu nilimtilia mimi sahihi zake, siwezi kumpelekea yeye zangu. Ulisema Jumatatu, na Jumatatu mimi sikuwa nayo. Nije vipi?"

Ilikuwa rahisi kumwambia ukweli, kwamba mstari ule ni mkono tu ulioteleza. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini wenzake watano walikuwa wamepata zao, na kumwambia yeye peke yake kwamba haina maana ni kumtoa nje ya darasa. Wala hakuthubutu kujitia mlezi mwenyewe: mwalimu kutia sahihi ripoti aliyoiandika ni udanganyifu, na udanganyifu huo alikuwa ameukamata kwa watoto wasiohesabika.

"Nipe siku tatu," alisema, akaipiga picha.

Aliituma kwa dada yake, aliyekuwa akiishi na mama. Kisha akapiga simu, na ingawa haikuwa Jumapili, akaeleza yote: kioo, mpira, tabasamu, mtandao ambao haukuwahi kuharibika. Mama alisikiliza bila kumkatiza, jambo lililomtisha zaidi.

"Huyo mwanafunzi ana miaka mingapi?" aliuliza mwishowe.

"Sabini na mmoja, mama."

"Mdogo kwangu. Binti, hebu nisomee tena."

Dada akasoma. Aliposema wa sita kati ya sita, mama akaguna.

"Wewe darasa la pili ulikuwa wa sitini na tatu."

"Mama, hayo ya zamani—"

"Nilitia dole au sikutia?"

"Ulitia."

"Nenda kaichapishe hiyo picha kwenye karatasi," mama alimwambia binti yake, "na uje na kidau cha wino. Mtoto wa mtu hawezi kukosa shule kwa sababu ya sahihi."

Siku ya pili picha ilirudi. Chini, kwenye mstari, palikuwa na dole gumba la zambarau, limeinama kidogo kushoto kama zamani. Kando yake dada alikuwa ameandika maneno ya mama: "Asiogope. Asikose tena. Muhula ujao nataka kuona wa tano." Mwalimu Radi aliitazama akalia, mtu mzima, katikati ya duka la kuchapisha, mpaka mwenye duka akampunguzia mwanga wa taa.

Ijumaa meneja alifika mapema kukusanya ripoti. Mtu wa Benki akamjibu kwa adabu kwamba ya kwake iko kwa mamake, ukutani, na kama anaitaka akamwombe mama mwenyewe. Meneja aliwahi kuongea na mama huyo kwa simu. Aliamua kuiacha hukohuko.

Ndipo akaingia Bibi Fundi, amevaa gauni ambalo lazima alilishona wiki hiyo. Alikwenda mbele ya darasa bila kuitwa, mbele ya kioo na watu wote wa nje, akaifungua karatasi yake.

"Habari za asubuhi," alisema kwa Kiingereza, na sauti haikutetemeka. "Mimi nina mlezi. Anaishi mbali. Anasema nisiogope." Akatafuta maneno, akayapata. "Kwa hiyo siogopi."

Darasa lote likasimama. Mwalimu hakuwaambia.

Wakati wa kutoka, bibi alisimama mbele ya kisanduku cha nyuso, akafikiri, kisha akabonyeza chekundu. Wa nyuma yake waliona, na kwa kuwa ndiye mkubwa wao, wakafuata mmoja mmoja. Nyekundu sita! Taa ikawaka ofisini, na kwa mara ya kwanza viatu vya meneja vilisikika vikikimbia.

"Bibi, umehuzunika?"

"Nani, mimi?" bibi alishangaa. "Nyekundu si ndiyo rangi ya mwalimu?"

Jumamosi meneja alimletea mkataba wa mwaka mzima. Hakusema neno zuri hata moja, ila alitaja kwamba mamake Mtu wa Benki amepiga simu tena. Alitaka kumwandikisha mwanawe mkubwa, wa miaka sitini na miwili, ambaye kwa maelezo yake ndiye mbaya zaidi. Mpira wa sponji Mwalimu Radi alimrudishia palepale, akaomba ubao na boksi la chaki.

Jumapili akapiga simu.

"Unafundisha?" mama aliuliza.

"Nafundisha, mama."

"Haya. Na yule wangu wa sita, anajua nini leo ambacho juzi hakukijua?"

Akaanza kumweleza. Alimweleza habari za Bibi Fundi kwa nusu saa, akaingia kwa Mtu wa Benki, akapita kwa Daktari wa Meno, akarudi tena kwa Bibi Fundi kwa jambo alilolisahau, na sauti ikapanda mpaka jirani akagonga ukuta. Ilipotimia saa moja na robo, mama alimkatiza.

"Mwanangu? Sikusikii, baba. Mtandao," akasema, akakata.