Ndama Aliyelamba Udongo wa Betri

Ndalahwa wa Dutwa hakuwa mjinga, hilo tulimalize mapema. Biashara ya pamba ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakamiminika Bariadi na malori yao, betri zilizokufa zote ziliishia kwake. Anapasua kwa shoka, maji yake makali anamwaga nyuma ya zizi, risasi, ile metali nzito ya ndani, anayeyusha kwenye karai na kuwauzia wavuvi wa Lamadi wazamishie nyavu.

Ng'ombe wakapapenda pale alipomwaga. Walilamba udongo mpaka pakang'aa. Mfugaji gani asingefurahi? Ng'ombe akilamba ardhi, watu wa huku wanajua pana chumvi, na chumvi ya bure haikataliwi. Kila asubuhi Ndalahwa akawa anawapitisha hapo kwanza.

Kisha ndama akapofuka. Akawa anasaga meno, anazunguka, anagandamiza kichwa ukutani. Siku ya tatu akafa.

"Jicho la jirani hili," akasema mama yake, Felisita. "Twende kwa mfumu atupigie ramli."

"Mayu, nipe siku moja tu," Ndalahwa akamwomba mama yake.

Akamwita bwana mifugo, Januarius. Yule akasikiliza habari ya jirani, akampasua ndama tumbo, akatoa vipande vya kijivu.

"Huyo jirani mchawi ana shoka, Ndalahwa?"

"Kivipi?"

"Ni risasi yako hii. Sumu. Vumbi lake, moshi wake, na huo udongo."

Mkewe Nyamizi alikuwa amembeba Kija, binti yao wa miaka miwili. "Baba Kija, huyu naye anakula udongo hapohapo. Tangu mavuno analia tumbo."

Ndalahwa akawapeleka hospitali. Daktari hakuwa na kipimo cha risasi kwenye damu. Akasema mtoto aondolewe pale na arudishwe kila mwezi. Nyamizi akampeleka Sapiwi kwa shangazi, akakaa naye huko.

Ndalahwa akalowesha ule udongo usitimue vumbi, akauchimba, akaufukia mbali na kisima, akazungushia miiba. Betri akawa anazinunua nzima, na maji yake ndani, anazisimamisha kibandani barabarani mpaka lori lizipeleke kiwandani.

"Siku hizi unaogopa betri kama nyoka?" madereva wakamtania.

"Nyoka afadhali, ukimkanyaga unajua."

Mwezi wa nne tangu ahamishwe, tumbo la Kija lilitulia, ila maneno yake yalikuwa machache kuliko ya wenzake. Nyamizi akaja kuuliza kama warudi.

"Msirudi. Vumbi bado lipo hapa. Nakuja mimi huko," Ndalahwa akasema, akapanda juu kung'oa mabati ya nyumba akaezeke Sapiwi.