Mama Mkwe na Mabua ya Anyesi

Hii habari hamtaiamini. Hata mimi, niliyezunguka nchi hii nikaona mbuzi akitafuna leseni ya dereva, ningesimuliwa ningemwambia msimuliaji akapime malaria. Lakini mwenyewe huyo hapo anamwagilia: Anyesi, mtoto wa dada yangu, wa Ipagala. Anajifanya hasikii.

Udongo wa bustani yake ya mboga, pale uani, ulikuwa umemshinda. Umwage maji asubuhi, adhuhuri umekauka kama sakafu ya kanisa, na maji yenyewe ya bomba yanakuja yakijisikia. Bwana shamba akamfundisha: acha kuchoma mabaki, weka samadi iliyooza, kisha funika tuta kwa mabua ya mahindi, jua lisiupate udongo. Wataalamu wanaita matandazo. Nikamcheka: "Mwanangu, unaivisha ardhi blanketi, soksi je?"

Lakini baada ya muda, ukiinua mabua, chini kubichi, nyungunyungu wanajinyonganyonga. Mnafu ukashika, chainizi zikatanua masikio. Kwa mara ya kwanza Anyesi akaona bustani yake itafika masika ikiwa hai.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Chamwino kuwasalimia.

Mama Nathanaeli ni mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: ufagio. Kwake uwanja usiofagiwa ni tusi kwa ukoo mzima. Anyesi aliamka akakuta ua una mistari mizuri ya ufagio, tuta liko uchi, na mabua yanafuka moshi kule pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekusaidia. Takataka zilijaa mpaka kwenye mboga! Wapita njia watasema Nathanaeli kaoa mvivu."

Kwetu nani anamkaripia mama mkwe? "Asante mama," Anyesi akasema, akaingia jikoni kusugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

Jioni akamlalamikia mumewe. Nathanaeli, dume la kubeba gunia kama mto, akajikuna shingo. "Unamjua mama. Ataondoka tu."

"Ataondoka na bustani yangu!"

Akaomba mabua kwa jirani, akatandaza. Asubuhi, uchi. Akaleta nyasi. Uchi tena. Chainizi zikaanza kulegea, na Anyesi kila siku "asante mama", meno yamebana utadhani kang'ata kokoto.

Mwishowe akapata ujanja, na ujanja karithi kwangu. "Mama, kuanzia leo takataka zote zirundike hapa kwenye matuta." Mama mkwe akafurahi kuonyeshwa jalala. Anyesi akaenda mazoezi ya kwaya, akaimba kwa raha.

Aliporudi, matuta yalikuwa yanawaka. Takataka si huchomwa? Chainizi zote majivu. Mnafu wa ukingoni tu ndio uliopona.

Hapo adabu ikamwishia. "Mama, zile hazikuwa takataka! Ndizo zinashika maji! Nazitandaza kwa mikono yangu, wewe unazichoma!"

Mama Nathanaeli akautazama ufagio wake, kisha akamtazama mkwewe.

"Sasa mbona kila siku ulikuwa unasema asante?"

Anyesi alikaa chini kwenye jivu, hasira zote zimekosa pa kwenda. Ilibidi aanze upya na mbegu, na bomba lilikuwa halitoi hata tone.

Kesho yake mama mkwe alikwenda mwenyewe kwa jirani kuomba mabua. Na kwa kuwa hawezi kuvumilia fujo, aliyapanga moja moja kwenye matuta, yakanyooka kama mkeka, halafu akafagia pembezoni. Ndugu zangu, yalipendeza hivi kwamba watu walitoka Makutupora kuja kuyatazama, waziri mzima akasimamisha msafara hapo barabarani, akashuka, akavua viatu, aka...

"Mjomba! Waziri yupi? Alisimama fundi baiskeli, tena alikuwa anauliza njia."