Ua la Miiba Lililoezekewa Nyasi

Jana nilichomwa kidole na ua langu mwenyewe, na uchungu ule ukanirudisha kwa mama. Ukifika Iringa uliza nyumba yenye maua ya miiba: vichwa vya mviringo vya buluu, nyuki tele, ukuta mzima wa upande wa jua. Shule niliishia darasa la pili, lakini malori ninayo, na bustani kama ile wenye vyeti wanaiangalia tu kwa nje.

Tulipokuwa bado Iringa, mama alipewa mzizi wa ua hilo na mzungu mmoja mwenye shamba la tumbaku, alikokuwa akipalilia. Dada yangu Anjela alikuwa amefariki, tumemzika kando ya nyumba, na kila ua alilopanda mama kaburini mbuzi walilitafuna. Hilo hawakuligusa. Likashika kwenye udongo mkavu wa kichanga bila kumwagiwa maji, likawa linachanua kila mwaka.

Kisha baba akapata kazi Mbeya. Kaburi halibebeki, jamani. Mama akachimba kipande cha mzizi, akakifunga kwenye kaniki, akakipakata ndani ya basi njia nzima.

Mbeya mnaijua mvua yake. Jirani yetu, mama wa Kinyakyusa mwenye huruma, aliuona mche umenyong'onyea, akaurundikia samadi na majani kama autunzavyo mgomba wake. Mama alishukuru; jirani alipoondoka akavitoa vyote kwa vidole, maana ua lile lilizoea ukavu. Mvua ilipozidi alisimamisha fito, akaezeka nyasi juu ya ua.

"Mama Daudi," jirani akamtania, "na maua nayo unayajengea? Basi weka na mlango."

Mama alicheka naye. Mimi niliona aibu.

Paa halikuvuja, lakini maji yalipita chini. Asubuhi moja mama alivuta jani, mche ukaja mzima, mzizi mweusi, unanuka. Alikaa pale pale kwenye matope.

"Sasa huku hakuna anayemjua," alisema.

Sikuelewa. Iringa alikuwa Mama Anjela. Mbeya alifika na mtoto mmoja tu, mimi, basi mtaa mzima ukamwita kwa jina langu, nami nikatembea kifua mbele kama mwenye mtaa. Sasa malori ninayo ya kumrudisha mama kwenye kaburi la mwanawe, na yeye hayupo tena duniani. Kila walipoita Mama Daudi, aliitika. Nilidhani anaitika kwa furaha.